Chupa ya Bibi Nyuma ya Mlango

Dada Siok-bin,

Paka wako kazaa watatu. Mimi mzima, ila nimechanganyikiwa.

Jana nilikwenda kijiji cha jirani kutazama Wasiraya, wale wenyeji wa asili wa Taiwan, wakiwaabudu mababu zao. Pembeni ya chumba waliweka chupa ya maji, majani mabichi mdomoni. Nikacheka: "Hata marehemu bibi yangu alikuwa nayo, nyuma ya mlango!"

Mama mmoja akanikazia macho. "Basi wewe ni wetu, mwanangu. Mababu hukaa humo majini. Chupa yenu iko wapi?"

Dada, si Baba alituapia kwamba sisi ni Wachina halisi? Tulipomzika Bibi, ile chupa niliiosha mimi, nikaitilia siki. Maji niliyamwaga uani.

Tangu asubuhi nimesimama hapo uani. Sijui niwaamkie mababu hao kwa lugha gani.

Mdogo wako,
Bi-hong