Faili za Wagonjwa Zimefunguka

Hai Amarat, Juba

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na Baba. Presha inaendeleaje tangu ubadilishiwe dawa? Mimi ni mzima, joto tu ndilo linanionea.

Nina habari njema, ingawa ilianza vibaya. Jumatatu asubuhi Keji, dada wa mapokezi hapa kliniki, aliniita. Faili za wagonjwa zilikataa kufunguka, na kwenye skrini kulikuwa na maandishi: lipeni, ama mzisahau.

Mama, nyinyi kila kinachoharibu kompyuta mnakiita kirusi tu, lakini wadudu hawa hawafanani. Kirusi hujificha ndani ya faili na kungoja mtu aifungue. Mnyoo hamngoji mtu, hutambaa mwenyewe kwenye mtandao. Huyu wetu aliingia kwa kujifanya kitu kizuri: Keji alipakua programu ya bure ya kutengeneza kadi za harusi ya dadake. Ndani mlikuwa na kitu kinachofunga faili, tena kinatambaa kama mnyoo. Nilikimbia kuchomoa waya zote za mtandao. Kompyuta tatu zilikuwa zimeshaingiliwa; ya maabara ilipona.

Daktari mkuu alijua kwamba kila Ijumaa mimi huweka nakala ya faili zote kwenye diski na kuifungia kabatini.

"Ichomeke sasa hivi," akasema. "Watu wamejaa nje."

"Hapana, daktari. Nikiichomeka sasa, nayo itafungwa, na hatuna nyingine."

"Hapa ninaamua mimi."

"Ni kweli. Lakini naomba siku mbili."

Daktari akachukua daftari na kalamu akaenda kwa wagonjwa.

Nilifuta kompyuta zote tatu, nikaweka programu upya, nikazikagua, ndipo nikachomeka diski. Keji alikuwa akilia kwamba kazi yake kalas, imekwisha. Nikampa vitabu vya kuandikishia wagonjwa aingize upya rekodi za Jumamosi, maana hizo pekee ndizo zilizopotea.

Jumatano mama mmoja kutoka Gumbo alimleta mtoto wake mwenye kifafa. Keji akaandika jina la mtoto, na dawa zake zote za miaka miwili zikatokea. Keji alipiga vigelegele mpaka daktari akatoka. Akasoma skrini, akanipa mkono mbele ya watu wote. "Ningekusukuma kidogo zaidi, tungepoteza kila kitu," akasema.

Nisalimie Baba, shangazi Rose anayetushonea, na kaka Barasa huko kwenye cyber yake. Mwambie asipokee flashi za wateja bila kuzikagua.

Jana niliwafundisha wafanyakazi wote. Daktari alikaa kiti cha mbele, akiandika.

Binti yako,
Nekesa