Siku Oiva Alipoacha Kupiga Makasia

Ukingoni mwa Ziwa Päijänne,
Agosti

Mpendwa Dada Tuovi,

Nakusalimu kwa mapenzi mengi, wewe na shemeji Kalevi, nikitumaini kwamba barua hii itawakuta wazima na goti lako limeacha kukusumbua. Mimi ni mzima, ila mgongo umekakamaa na nguo zangu bado zinakauka saunani. Sababu utaisoma hapa chini.

Najua unangojea jibu kuhusu chumba mlichonitayarishia huko Helsinki. Tangu Eero wangu afariki umekuwa ukiniambia kwamba mwanamke wa umri wangu hana sababu ya kukaa peke yake huku, akipasua kuni na kusikiliza upepo. Nami moyoni nilikuwa nimeshakubali. Hata mashua ya baba niliamua kumpa jirani yangu Oiva, maana nani mwingine angeijali?

Jumamosi nikamwita aje aichukue. Unamjua Oiva, maneno yake ya mwaka mzima yanaenea kwenye kikombe cha kahawa. Akaizunguka, akaigonga ubavu, akasema hapokei mashua asiyoijaribu, kwa hiyo nilete fimbo za kuvulia na mkate. Jirani yetu Martta alikuwa gatini akifua mazulia, akatutakia bahati njema. Oiva akakunja uso, akamwambia ameshatuharibia siku, kwamba mtu mzima kama yeye alipaswa kujua anayekwenda kuvua haombewi bahati. Martta akamjibu kuwa kwa uvuvi wake yeye, hakuna cha kuharibika.

Upepo ulikuwa wa kusini na mawimbi yalitoa povu. Oiva alishika makasia, mimi nikakaa nyuma na fimbo mbili, mishipi ikikokotwa majini. Wajua mpiga makasia huipa mgongo safari akamtazama aliyekaa nyuma. Basi nilitazamwa asubuhi nzima, dada, na sikuwa na pa kuficha uso. Wajua pia ile kanuni yake ambayo marehemu Eero alikuwa akimcheka kwayo: mashua haisimami. Upige chafya, unyeshewe, makasia yaendelee, kwa sababu ukisimama chambo kinazama na kunasa kwenye mawe. Aliwahi kumgombeza hata mchungaji wetu kwa kupumzika ajifute jasho.

Tulipokikaribia kisiwa, fimbo ya kulia ikapinda. Nikaidaka, nikaanza kuvuta, na samaki alikuwa mzito hasa. Nikamwambia Oiva aongeze kasi. Oiva akaacha kupiga makasia.

Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema haumwi, ila amesikia nahamia Helsinki, na anataka kujua kama huko yuko mtu wa kunipigia makasia. Nikamwambia apige kwanza, tutazungumza baadaye. Akasema hiyo baadaye amejiambia miaka miwili na imemchosha, anataka kunioa. Upepo ukatugeuza ubavu, maji yakaingia. Chambo cha kushoto, kile cha mti alichochonga baba yake, kikanasa mwambani, na yeye hata hakukitazama. Hapo nikajua hatanii. Nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Nikamwambia ndiyo, na sasa, mzee wewe, shika makasia tusije tukazama hata pete hatujavaa.

Kumbe yule samaki, trauti, alikuwa bado amenasa. Nikamleta wavuni, mnono, mrefu kama mkono wangu, lakini kile kipezi kidogo cha mgongoni, ambacho samaki wa kupandikizwa hukatwa kabla ya kutiwa ziwani, hakikuwa kimekatwa. Alikuwa mzaliwa wa ziwa, na hao sheria inawalinda, basi tukamrudisha. Tulikula mkate mweusi na soseji huku tumelowa chapachapa, na sijala chakula kitamu hivyo tangu nifiwe.

Gatini Martta akauliza kwa kejeli tumepata nini. Oiva, ambaye hajawahi kumwambia mtu alichovua wala alikovulia, akasema amepata mmoja, na huyu harudishwi majini.

Kwa hiyo, dada, sihami. Usinikasirikie. Chumba chenu ni kizuri, na yale mapazia uliyonishonea nayaomba yaje huku. Nina furaha mpaka naona haya, na nadhani Eero angecheka kutushinda sote. Harusi ni Septemba, na mchungaji amekubali kutufungisha, ingawa lile jasho hajalisahau.

Msalimie sana shemeji. Tuombeeni heri katika ndoa kadiri mpendavyo. Ila siku mkija, mkitukuta tunashusha mashua majini, tafadhali nyamazeni.

Mdogo wako akupendaye,
Irja