Punje Zenye Koti

Jumapili, 3 Machi

Daftari, pokea salamu. Mama mkwe mzima, ila macho na magoti. Binti yangu mzima, bado yuko kiwanda cha dawa. Kitinda mimba mzima, mtundu vilevile. Fundi wangu, baba yao, ndiye aliyelala: kapasuliwa mgongo baada ya kuanguka na ngazi. Nami nipo, na wasiwasi wangu.

Mfamasia katoa kapsuli za maumivu. Moja kila asubuhi, ameze nzima. Foleni ilikuwa ndefu, sikuuliza zaidi.

Jumatatu, 4 Machi

Kapsuli imemkwama kooni! "Mke wangu, unaniua kabla ya mgongo?" Tumecheka. Nimeifungua — ndani punje nyeupe, ndogo kuliko ulezi, ngumu. Nikazisaga kwa mgongo wa kijiko, nikatia kwenye maziwa. Nusu saa tu, maumivu kwisha! Mama mkwe kasimama pembeni, kanisifu.

Jumanne, 5 Machi

Mchana kutwa usingizi. Jioni maumivu yamerudi, kalia, mtu mzima yule. Mama mkwe kasema mwanawe anateseka, nimwongeze. Nikasaga nyingine.

Jumatano, 6 Machi

Binti kaja kula. Bibi yake kamchokoza: siku hizi wafanya nini huko? "Mimi fundi cherehani, bibi. Nazivisha punje za dawa makoti." Koti jembamba, mashine inalipuliza, dawa ivuje kidogo kidogo kutwa nzima. Wiki hii wamemwaga mapipa matatu, koti halikushika.

Nikauliza, kwani lazima kumwaga?

"Mama! Ya kutwa ingetoka kwa mpigo. Mtu anasinzia mpaka anasahau kupumua."

Bibi kacheka. Mimi nimekwenda kuosha kijiko. Ningesemaje mbele ya mkwe? Na labda za fundi wangu ni nyingine.

Kesho sisagi.

Alhamisi, 7 Machi

Mama mkwe kaniwahi.

"Pumzika, mwanangu, nimeshamsagia. Mbili, maana alilia sana alfajiri. Kama ulivyofanya wewe."

Midomo ya fundi si rangi yake. Nikimtikisa anaguna tu. Nesi kwenye simu kasema gari linakuja, nisimwache alale, nihesabu pumzi za dakika moja, tena na tena, niandike. Karatasi ni hii tu.

Saa tatu na robo — tisa.

Na dakika kumi na sita — tisa. Fundi, ngazi yako jirani hajairudisha, amka ukamdai! Kafungua jicho moja.

Kumi na nane — nane. Mama mkwe anauliza, kwani nimekosea wapi? Nimemwambia, si wewe, mama. Ni mimi.

Ishirini — saba.

Simu ya binti imefungiwa kabatini huko kiwandani mpaka zamu iishe. Nimemtumia ujumbe hivyo hivyo.

Ishirini na mbili — sita. Nasikia gari. Limepita.

Nimemtumia tena: Mwanangu, zile punje za baba yako nimezivua koti. Kuna cha kulirudisha? Ukiona hii nijibu upesi, hata neno moja