Hewa ya Wagonjwa Ilivyofika Gereji

Ilemela, Mwanza
20 Septemba 1995

Mpendwa Dada Josepha,

Shikamoo. Habari za Gaborone na za wodini kwako? Kifua kimepona, au baridi ya huko bado inakutesa? Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Mama alivuka kwa meli kutoka Bukoba mwezi uliopita, akaniletea ndizi na kahawa ya kutafuna, akasema nimekonda mpaka nimebaki shingo. Mvua bado, lakini wagombea wameshaanza kunyesha: vipaza sauti vinapita barabarani kutwa, kila mmoja anatuahidi hospitali mpya. Hii iliyopo hakuna aliyeiulizia.

Uliniuliza mafunzo yangu ya udaktari wa usingizi yanakwendaje. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikishika kalamu niliiweka chini kwa hasira.

Mwalimu wetu, Dk. Elias, aliacha kazi tangu Machi, akaenda hospitali ya mtu binafsi. Simlaumu sana, ana watoto wa kulea. Lakini mimi niliyekuja kujifunza ndiye sasa ninayewalaza wagonjwa peke yangu, na nikikwama wa kumwuliza hayupo. Mashine ya kupima hewa kwenye damu ilikufa zamani. Natazama midomo na kucha za mgonjwa, kidole changu kikiwa juu ya mshipa wake. Umeme ukikatika, jenereta haina dizeli. Halafu watu mtaani wanadhani kazi yangu ni kuchoma sindano ya nusu kaputi, kisha nikae ninywe chai!

Hayo yote ningeyavumilia, dada. La mwezi wa nane ndilo lililonichoma.

Aliletwa mama mmoja kutoka Misungwi, anaitwa Kija, uchungu umekwama na mtoto amechoka tumboni. Mumewe, Ndalahwa, ni mfugaji. Alimleta juu ya lori la pamba. Nikamlaza Kija, upasuaji ukaanza. Katikati mtungi wa oksijeni ukaisha. Nikamwambia nesi Dorotea afungue ule wa akiba, ulioletwa asubuhi hiyo kutoka stoo ukiwa na kibandiko kinachosema umejaa. Kipimo cha gesi tunacho kimoja tu, na kilikuwa kimefungwa kwenye mtungi wa kwanza, kwa hiyo huu wa pili sikuupima kabla, niliamini kibandiko. Dorotea akafungua. Kimya. Hata mluzi haukutoka.

Dk. Yeremia, mpasuaji wetu, akafoka, "Koku, damu inakuwa nyeusi! Unafanya nini huko?"

"Hakuna oksijeni, daktari. Maliza haraka!"

Nikashika mfuko wa mpira, nikawa namsukumia Kija hewa hii hii ya kawaida mpaka vidole vikafa ganzi. Kija alipona. Mtoto, wa kiume, alitoka hana nguvu hata ya kulia. Dorotea alimpulizia, akaanza kuvuta pumzi kidogo kidogo, lakini alihitaji oksijeni na sisi hatukuwa nayo. Jua halijazama akafariki. Ndalahwa alimpokea amefungwa kwenye kitenge, akaniuliza jambo kwa Kisukuma. Dorotea akanitafsiria: "Anasema, mmekosaje hewa? Hewa si iko kila mahali?"

Na unajua ofisi ilifanya nini? Badala ya kuuliza mtungi ulikuwaje mtupu, waliniandikia mimi nijieleze kwa nini mgonjwa "alikosa uangalizi". Mimi!

Dorotea anakaa Nyakato. Siku hiyo alinivuta pembeni akaniambia, "Daktari, mitungi kama yetu naiona gereji, jirani na kwangu. Wanakatia vyuma." Jumamosi tukaenda. Dada, niliiona kwa macho yangu: mitungi miwili, herufi za hospitali zimekwanguliwa nusu, na fundi amevaa miwani myeusi anakata chesisi ya basi kwa moto wa ile oksijeni.

Nikamwuliza ameitoa wapi. Hakuficha hata kidogo. "Kwa mtu wenu wa stoo. Siku hizi soko huria, dada. Mwenye hela ndiye anayepata."

Nikamwambia, "Mwenye hewa hiyo amezikwa Misungwi. Hakufikisha hata siku moja."

Akazima moto. Akatubebea mitungi mwenyewe mpaka kwenye pikapu tuliyokuja nayo, na Jumatatu akaja kumtaja yule mtu mbele ya wakubwa. Barua ya kujieleza ikafutwa. Na yule wa stoo? Wamemhamishia hospitali ya wilaya. Wamemhamisha! Mtu anauza pumzi za wagonjwa, wanampa stoo nyingine!

Hapo nikaapa kwamba halazwi mtu mpaka nipime mitungi miwili kwa mkono wangu. Wiki iliyopita wa akiba ulikuwa mtupu tena. Mgonjwa wa ngiri alikuwa mezani, si wa dharura.

"Mlaze," akasema Dk. Yeremia.

"Simlazi."

"Wewe ni mwanafunzi hapa!"

"Ndiyo, daktari. Na mwanafunzi amekataa."

Nilidhani ananifukuza. Alivua glavu, akazitupa, akatoka na gauni lake la kijani na mabuti hadi ofisini. Tulisikia sauti yake kutoka huko. Aliporudi alikuwa anauviringisha mtungi mwenyewe, jasho likimtoka. Nikaupima. Umejaa.

Sasa kuhusu nafasi uliyonitafutia huko Gaborone. Nakushukuru sana, dada yangu, na najua mshahara wa huko si wa kuchezea. Lakini sitakuja kwa sasa. Anayejua kukataa katika chumba kile ni mmoja tu, na wanaojifunza nyuma yangu bado wanaogopa. Wakishajua, tutazungumza.

Nisalimie shemeji Mutayoba, na mwanao Precious umwambie mama yake mdogo anamkumbuka. Baba mkubwa Muganyizi na wote wa Bukoba wanakusalimu. Mungu akulinde mchana na usiku, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Kokuberwa