Lenzi Aliyoniletea Mume Wangu

Mpendwa Bi Rahma, shikamoo. Nakuomba unisome mpaka mwisho ndipo unijibu, maana hapa Singida kila ninayeweza kumfungulia mdomo ni ndugu wa mume wangu. Mimi ni mpiga picha, nilianza na harusi na picha za pasipoti, lakini tangu magazeti ya watu binafsi yawe mengi kuna moja la Dar es Salaam linachukua picha zangu za mpira na riadha, na humo ndimo roho yangu ilipo, ila lenzi yangu ilikuwa fupi, mchezaji akiwa goli la mbali anatoka kama siafu, ndipo nikamwomba mume wangu Abdillahi, ambaye huenda Dar kufuata bidhaa za duka, aninunulie lenzi ya kuvuta kwa pesa yangu mwenyewe, nikamweleza vizuri, "Baba Zuhura, usitazame urefu. Nataka ile ya milimita themanini mpaka mia mbili, inayofungua mbili nukta nane ili iingize mwanga mwingi, yenye mota ya kukamata haraka, hata kama imetumika." Akasema, "Nimekuelewa."

Akarudi na lidude refu kama mchi, jipya, linang'aa, nikashukuru, kumbe kitu kikikimbia halikamati, linakwenda mbele, linarudi nyuma, grr, grr, mpaka tukio limepita. Nilikuja kujua siku ya mbio za mkoa. Kuna binti wa Mtinko, Kristina, alikuwa mpangaji wetu chumba cha uani, mshindi wa siku ile ndiye angeingia kambi ya riadha Dar, wakafika mwisho bega kwa bega yeye na mwenzake, mawingu yametanda, nikabonyeza, lenzi ikatafuta, ikatafuta, waamuzi wakampa yule mwenzake. Kristina akakata rufaa, wakaniambia nikausafishe mkanda haraka, naye akanishika mkono, "Dada Hanifa, picha yako ndiyo itasema." Nilipoutoa mkanda kwenye dawa, watu wawili walikuwa moshi mtupu. Rufaa ikatupwa, Kristina akafungasha akarudi kwao, na siku hizi nikimsalimia sokoni anageuza uso.

Mume wangu akawa anasimulia barazani kwamba mikono ya mkewe inatetemeka, nami hata nikaamini. Juzi mdogo wake Hussein, ambaye walikwenda naye Dar, akaniambia, "Shemeji, mikono yako haina kosa. Ile uliyoitaka ilikuwepo, na bei ni ile ile. Muuzaji alimwambia kaka hii refu ni ya vitu vilivyosimama. Kaka akasema, funga hiyo hiyo, nikimpelekea ile nyingine hatakaa nyumbani tena." Bi Rahma, nilikuwa nachambua mchele, nikaushindwa. Sasa Abdillahi anasafiri tena, ananibembeleza nimpe lenzi pamoja na kamera akanibadilishie, na mama mkwe anasema mke wa mtu hafungi safari ya Dar kwa ajili ya kamera. Nimpe, au nikatae nyumba ivurugike? Na nikienda mwenyewe, nichagueje nisidanganywe?

Hanifa, Singida mjini

Marahaba, mwanangu Hanifa. Pole, na pole tena. Lakini nitakugombeza. Shahidi aliyesimama dukani amekueleza kila kitu, bado unaniuliza kama umpe na kamera? Usimpe. Wala usiniambie nyumba itavurugika. Imeshavurugwa, na si wewe uliyeivuruga. Na lile lidude lilipofika, mbona hukulijaribu hata kwa baiskeli zinazopita mlangoni, ukalipeleka moja kwa moja kwenye mbio za mkoa? Hapo ulizembea.

Ita wazee wa pande zote mbili. Hussein awepo. Usilie, usipige kelele, mwulize mumeo mbele yao: muuzaji alikuambia nini? Kisha nyamaza, mwache ahangaike na jibu. Mama mkwe naye asikie.

Kuhusu lenzi, nimemwuliza mpiga picha wa michezo wa gazeti letu, akasema ulichomwagiza mumeo ndicho hicho hicho. Lenzi inayofungua mbili nukta nane mwanzo mpaka mwisho inaingiza mwanga wa kutosha, kamera inaona, inakamata. Lile refu ukilivuta mpaka mwisho linabana mwanga, na siku ya mawingu linapapasa kama kipofu. Nenda na kamera yako, uivalishe lenzi pale pale dukani, toka mlangoni, fuatisha magari na watu wanaopita. Ukuta haukimbii, usiujaribie. Ikisitasita, mrudishie mwenyewe. Ikiwa ya mtumba, imulike na tochi. Ukiona utando wa ukungu ndani ya kioo, iache. Siku hizi maduka yamejaa, hulazimiki kuchukua lenzi ya kwanza.

Kama uendelee kuishi na Abdillahi, sikuamulii. Msikilize kwanza mbele ya wazee, kisha uamue ukiwa umetulia.

Ila Kristina usimsubiri sokoni. Mfuate Mtinko, umwambie nani alichagua lenzi ile na kwa nini. Usiende ili akusamehe moyo wako upoe. Nenda kwa kuwa ana haki ya kumjua aliyemkosesha kambi. Huenda asikukaribishe ndani. Mwambie hapo hapo mlangoni, kisha ugeuke, uende zako.