Bajeti ya Chumba cha Bustanini

Nyumba ya kona,
Nyuma ya shule ya msingi.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe, wifi yangu na wanangu wote wawili. Hamjambo? Mgongo unaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema kule kiwandani wamekuhamishia kwenye mashine ya kukaa, nikashukuru, maana mgongo wa kwetu tunaujua, baba alizeeka nao. Na baridi je? Nasikia wifi yangu anavaa soksi mbilimbili kama mchezaji wa mpira. Mpe pole yangu.

Mimi sijambo. Goti la kulia bado linajua mvua kabla yangu, presha imetulia, nakula, nalala. Hayo ndiyo ninayokwambia kila ukipiga simu, kisha salio linakwisha tunaagana. Ndiyo sababu leo nimeshika kalamu. Unajua nimekaa kwenye mitambo ya simu ya hospitali tangu usichana wangu mpaka nikastaafu. Nimewasikia watu wengi mno wakisema "mimi mzima" huku sauti inatetemeka, na wa upande wa pili akaridhika. Kwenye barua angalau siwezi kukimbia.

Habari kubwa ni kwamba nimejenga. Usishtuke, si ghorofa. Ni chumba kimoja, kule nyuma bustanini, kati ya mlimau na kamba ya kuanikia nguo.

Utauliza mtu mmoja mwenye nyumba ya vyumba vitatu anataka cha nne cha nini. Binti yangu naye aliuliza hivyo hivyo, na sikuweza kumjibu. Nitakujibu wewe. Tangu shemeji yako aondoke, sebuleni sikai. Kiti chake nilikitoa, meza nikaihamisha, mapazia nikabadilisha, wapi! Nikikaa pale nasikiliza mlango. Basi ikawa jikoni, chumbani, jikoni, chumbani, kama mpangaji anayemkwepa mwenye nyumba. Nilitaka mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kukaa, ili nikikaa nisimkose mtu.

Binti yangu alitaka niuze nyumba nihamie kwake. Nilikwenda kujaribu. Walinitunza vizuri, na mkwe wangu ni mtu wa heshima, siwezi kumsema. Lakini asubuhi wote wanatoka, huyu kazini, hawa shuleni, mlango unafungwa, nami nabaki huko juu ghorofani nikisikiliza televisheni ya jirani. Upweke wa nyumba ya watu ni mzito kuliko wa nyumba yako. Nikarudi.

Fedha zenyewe zilikuwa kilichobaki kwenye kiinua mgongo changu, pamoja na bei ya lile gari bovu la shemeji yako, ambalo hatimaye lilipata mtu wa kulihurumia. Unajua marehemu alivyokuwa mkono wa birika. Nilipokuwa naandika hesabu nilikuwa kama namsikia akiguna kila mstari.

Nilipata fundi mwanamke, mtu wa makamo. Mtaani wanamwita Pimamaji, kwa sababu hatembei bila kile kifaa chake cha kupimia usawa. Wanasema hata mgahawani anakiweka mezani kwanza, ndipo aweke kikombe. Alipima bustani kwa kamba, akachora mstari chini kwa kijiti, kisha akaniambia tuanze na fedha, ndoto zitakuja zenyewe.

Tukakaa jikoni. Msingi, matofali, saruji, mchanga, mbao, bati, mlango na madirisha, waya za umeme, rangi, usafiri wa vifaa, ujira wa mafundi. Mwisho akataka tutenge fungu la dharura, kwa maana ardhi, alisema, haikwambii ina nini mpaka uichimbe. Jumla ilipotoka nilicheka.

Ndipo tukaanza kupunguza. Mdogo wangu, nilidhani kupunguza bajeti ni hesabu tu. Choo kidogo nilichokuwa nimekiweka pembeni nilikuwa nimekiweka kwa ajili ya wageni watakaolala. Pimamaji akauliza ni wageni gani na huja mara ngapi. Nikakifuta. Kabati la ukutani lilikuwa la vitu vya wajukuu, nao tangu shule ziwe na masomo ya likizo hawaji. Nikalifuta. Marumaru ikawa saruji ya kulainishwa. Madirisha matatu yakawa mawili, moja la kutazama mlimau na jingine la kutazama njia. Kila nilipopitisha kalamu ilikuwa kama namtoa mtu nje kwa mkono wangu. Lakini ajikunaye hujikuna anapofikia, na mkono wangu ulifikia hapo. Akiba ya matibabu niliiacha benki, nikajiapiza sitaigusa.

Kazi ikaanza Jumatatu. Pimamaji alikuja na watu wawili, seremala mmoja mkimya kama gogo, na mwashi ambaye hata mama yake sasa anamwita Redio. Huyo akianza asubuhi hafungi mpaka jioni. Nilijua habari zote za mama mkwe wake kabla msingi haujakauka, na mama mkwe mwenyewe, kwa kweli, nilimwonea huruma.

Nikashusha ile birika kubwa ambayo haikuguswa tangu msiba. Asubuhi nikawa naamka na kuvaa gauni la kutokea, kana kwamba naenda kazini. Nyundo zinagonga, koleo zinakwaruza, Redio anahubiri, nami jikoni nakata mkate vipande vinene. Saa za mchana walikuwa wanakula kivulini, nami nasogeza kigoda changu. Usiku nilikuwa nalala usingizi wa mtoto. Jirani aliniuliza kama kelele hazinisumbui. Nilimwambia zinanisumbua sana.

Kuta zilipofika juu ya mlango, hofu ikaniingia. Niliona mabati yanashushwa nikajua kwamba siku zimehesabika.

Hapo ndipo nilipoanza ujinga. Niliomba rafu ukutani. Rafu ikawekwa. Nikasema kizingiti kiko juu kwa goti langu, wakanijengea ngazi moja ya chini, hiyo ilikuwa na maana kidogo. Kisha rangi. Ilikuwa krimu, imeshapakwa na imekauka, nikasema inanikumbusha kuta za hospitali, wapake upya. Fungu la dharura likawa linaliwa huku ardhi haikuwa na dharura yoyote. Pimamaji alikuwa ananiangalia tu, anafanya.

Siku waliyokuwa wanakusanya vyombo, nikamwambia nimebadilisha mawazo, nalitaka lile dirisha la tatu. Ukuta wenyewe ulikuwa umeshapigwa lipu na kupakwa rangi. Akaniuliza fedha zitatoka wapi, kwa sababu hesabu tulikuwa nayo sote wawili. Nikamwambia asubuhi nimetoka benki. Ni kweli, nilikuwa nimetoa kwenye akiba ya matibabu. Bahasha ilikuwa mfukoni mwa aproni.

Alikwenda akasimama mbele ya ule ukuta. Nyuma yake ni uzio wa jirani, ukinyoosha mkono unaugusa. Akaniuliza nitatazama nini. Nikasema nataka mwanga. Akamwambia Redio aweke nyundo chini, na Redio, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akanyamaza. Pimamaji akanawa mikono kwenye ndoo, akajifuta taratibu, akaja mpaka nilipo.

"Mama, wewe hutaki dirisha," aliniambia. "Unataka tusimalize."

Sikuweza kumtazama. Akaongeza, kwa sauti ya chini ili wenzake wasisikie, "Ukitaka tuje, utuite chai. Usituite kazi."

Badala ya kushukuru nilipandwa na hasira. Nilimwambia fedha ni zangu, na fundi analipwa kutoboa ukuta, halipwi kunichunguza. Walifagia vumbi, wakafunga mifuko, akanipa ufunguo na kopo la rangi iliyobaki. Akasema, "Chumba kimekwisha, mama. Ni kizuri." Wakatoka. Sikuwaaga.

Jioni ile niliosha vikombe vyao nikavifuta kimoja kimoja, navyo havikuisha haraka kama nilivyotaka viishe, wala havikuchelewa kama nilivyotaka vichelewe. Sijui kama unanielewa. Chumba sikukiingia. Nilikuwa nakiona tu kupitia dirisha la jikoni, kimefungwa, kinang'aa rangi mpya, kama mgeni aliyekuja na mimi nikakataa kumfungulia. Zile fedha nilizirudisha benki siku iliyofuata. Njiani nilikuwa nawaza jinsi watu wanavyoajiri mafundi, na mimi nilivyokuwa nanunua watu kwa siku.

Wiki ilipita, na ya pili ikaanza. Mwishowe nikapiga moyo konde, nikampigia simu. Maisha yangu yote nimewaunganisha wengine, na namba moja ya kwangu mwenyewe ilinichukua asubuhi nzima. Alipopokea, maneno yote niliyokuwa nimeyapanga yalitawanyika. Nikasema tu kwamba hakuna ukuta wa kubomoa, ipo chai. Akasema Jumapili anaweza.

Alikuja amevaa vizuri, bila kile kifaa chake, nusura nisimtambue. Tukakifungua chumba. Na hapo, mdogo wangu, ndipo tulipogundua kwamba bajeti yetu yote, pamoja na ukali wake, haikuwa na kiti hata kimoja. Tukageuza ndoo mbili za rangi, tukakaa. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na yalipotoka hayakujua njia ya kurudi. Aliniacha nilie. Hakunibembeleza wala hakutazama saa.

Baadaye akanisimulia yake. Mama yake alipofariki, alikuwa anakubali kila kazi, hata zisizo na faida, hata za kuziba nyufa za watu wasiolipa, ili asirudi mapema kwenye chumba chake cha kupanga walimokuwa wanaishi wote wawili. Alisema siku nilipoagiza rangi ipakwe upya alijua, ila alinionea haya. Tulikaa mpaka chai ikapoa na ikapashwa na ikapoa tena.

Alikuja mara nyingine mbili. Kisha akapata kazi kubwa mji mwingine, ya miezi mingi, akaja kuniaga. Redio akipita njia hii hupaza sauti kwenye uzio, nami humjibu, anaendelea na safari zake. Ndiyo hali.

Sikudanganyi kwamba upweke umekwisha. Chumba hakizungumzi. Lakini asubuhi jua linaingia upande wa mlimau, nakaa pale na kushona vifungo, nasikia watoto wa shule wakitoka mapumziko. Nimenunua viti viwili vya mbao kwa yule seremala mkimya. Alivileta mwenyewe, akaviweka, akasema "haya", akaondoka. Ndiyo hotuba yake ndefu kuliko zote nilizomsikia.

Sasa nifike kwenye lililonikalisha hapa kuandika. Hukuweza kuja kumzika shemeji yako. Sikukulaumu siku hiyo, wala leo sikulaumu, nauli ni nauli, na likizo haiombwi kama chumvi. Ila siku ile, watu wamejaa, nilikuwa nakutafuta kwa macho, ingawa nilijua hupo. Hata walipoanza kutawanyika nilikuwa bado natazama njia. Sikuwahi kukwambia.

Nimepiga hesabu upya. Bei ya lile dirisha nimeitoa tena benki, maana safari hii moyo wangu umeniambia hayo nayo ni matibabu. Ukiongeza mabaki ya dharura, inapatikana kama nusu ya nauli yako. Nusu nyingine tafuta wewe, kidogo kidogo, hata ikichukua mwaka. Kama hamwezi kuja wote, njoo peke yako. Kama huwezi mwezi, njoo wiki mbili. Nitakutandikia godoro humo chumbani, choo utakuja kukitumia huku ndani kama tulivyokuwa tunafanya kwa baba, gizani, tukigombania tochi.

Tangu mama afe nimekulea, nimekusomesha, nimekusindikiza mpaka kwenye geti la uwanja wa ndege nikijifanya nina mafua. Sijawahi kukuomba kitu. Leo nakuomba. Si kwa sababu ninaumwa, wala hakuna jambo limeharibika. Nataka kukuona tu.

Msalimie sana wifi yangu, mwambie asione nakuita wewe nikamsahau yeye. Wabusu wanangu, mkubwa na yule mtundu, waambie shangazi yao anawaulizia majina ya walimu wao. Binti yangu na mkwe wangu wanakusalimu, na wajukuu wanauliza kama kweli wana babu kijana anayeishi kwenye theluji. Mungu awafunike kwa mkono wake, awape joto ndani hata nje kukiwa baridi, na akufungulie njia.

Nikitia barua hii posta kesho, nitapita kwa wakala nikutumie hiyo nusu. Usinirudishie.

Ni mimi, anayekupenda na kukungoja,

Dada yako.