Saizi ya Wote ni Saizi Yako

Chumba Na. 6,
Nyumba za Wafanyakazi,
Nyuma ya Kiwanda cha Mbao.
Jumapili, tarehe 14, baada ya kufua.

Mpendwa mdogo wangu Profesa,

Salamu nakupa kwanza, kwa sababu mama alitufundisha kwamba hata mgomvi husalimiwa. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Mwanao wa kike anaendeleaje na masomo? Na mama hapo kwako, macho yanaendeleaje, au bado anabishana na daktari kwamba giza limo chumbani na si machoni mwake? Mimi ni mzima. Vidole vyangu vyote kumi ninavyo, na nakutajia hilo mapema kwa sababu utaona mbele linahusu nini.

Simu zako nimeziona, zote tisa. Sikupokea kwa makusudi. Kwenye simu ungenikatiza, na wewe ukishaanza maneno yako matamu mtu hujikuta amekubali kutoa hata godoro analolalia. Karatasi haikatizwi. Dereva wa lori la kampuni aliyeniletea bahasha yako ndiye atakayekuletea hii kesho, na nimemwambia akupe mkononi, asiiache kwa katibu wako.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kurasa mbili za "dada yangu kipenzi," halafu katikati yake umekunja karatasi moja iliyopigwa chapa, yenye mstari mtupu chini unaosubiri sahihi yangu. Humo mimi, kiongozi wa zamu, nashuhudia kwamba mfanyakazi aliyeumia kwenye mashine ya randa alijifunga mpira mkononi "kwa hiari yake na kwa uzembe wake." Nikisaini, yeye anafukuzwa kazi na matibabu anajitafutia mwenyewe, na wewe uliyechagua glavu unaendelea kulala usingizi mzuri. Kisha unanikumbusha kwamba damu ni nzito kuliko maji. Damu nimeiona, Profesa. Ilikuwa kwenye mkanda wa mashine, na mimi ndiye niliyeifuta.

Ngoja nikueleze mambo ya huku, maana huko makao makuu inaonekana kiwanda mnakijua kwa picha.

Na picha yenyewe unaikumbuka? Ulipopewa kazi ya kuchagua vifaa vya kinga, ulivaa sampuli zote, ukasimama karibu na dirisha la ofisi na kidole gumba juu, ukatuma kwenye kundi la familia. Ovaroli ilikukaa vizuri, kofia ngumu ilitulia kichwani, glavu ziliishia pale vidole vyako vinapoishia. Shangazi akaandika, "Umependeza, baba." Mimi nami, mjinga wa mwisho, nikaandika umependeza. Mwezi uliofuata maboksi yakashushwa hapa, yameandikwa ubavuni: SAIZI YA WOTE, KIKE NA KIUME. Nilipovaa tu nikajua kilichotokea. Hukumpima mtu mwingine yeyote. Ulijipima mwenyewe, ukaridhika, ukasaini.

Tuko wanawake thelathini na wanne hapa, kati ya watu sitini. Hiyo ovaroli yako mabegani inaning'inia, nyongani haipiti, kifuani ukifunga zipu hupumui na ukiifungua unaitwa ofisini kwa utovu wa adabu. Sisi si wanaume waliofupishwa, ndugu yangu. Ukikunja mikono na miguu ya suruali bado mwili uliobaki katikati ni wa kike, na huo haukunjwi.

Choo ndiyo usiniulize. Mwanamume anafungua zipu yake, anamaliza, anarudi kazini anapiga mluzi. Sisi tunavua kila kitu mpaka kwenye vifundo vya miguu, ndani ya choo kisicho na hata msumari wa kutundikia, huku mikono ya ovaroli tumeibana kwa meno isiguse sakafu. Msimamizi anahesabu dakika, anaandika "wanawake wavivu." Dawa tuliyoipata ni kuacha kunywa maji kuanzia asubuhi mpaka kengele ya kutoka. Wawili wameshaugua kwa ajili hiyo. Wewe hapo ofisini una jagi la maji mezani, nimeliona kwenye picha ileile.

Buti ndogo kabisa uliyoleta ni nambari nane. Mimi navaa tano. Soksi jozi tatu, na gazeti mbele. Barakoa inaacha pengo mashavuni, kwa hiyo vumbi la mbao tunalivuta tukiwa tumevaa kinga dhidi ya vumbi la mbao. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini wewe ulitangaza kwamba hakina kunguni.

Sasa glavu.

Mwaka jana nilikuandikia, si kama mfanyakazi, kama dada yako. Nilikwambia glavu zinatupwaya, vidole vyake vinatuzidi kwa pingili nzima, ncha zinaning'inia tupu na tunaogopa mashine. Kanuni ya hapa ni kwamba bila glavu hugusi ubao, kwa hiyo hatukuwa na pa kukimbilia. Ulinijibu kwa mistari minne. Wa mwisho ulisema: "Glavu hulainika, dada. Mtazoea."

Basi tukazoea. Nilichukua tyubu kuukuu ya baiskeli, nikachukua mkasi wa mama, ule alionipa alipoacha kushona, nikakata pete nyembamba za mpira. Kila mwanamke pete mbili, kila mkono na yake, unaifunga juu ya glavu kwenye kifundo, na glavu haikuvuki tena ukishika ubao. Nilijiona nina akili kukushinda wewe na shahada zako. Kila aliyeajiriwa, siku ya kwanza, mimi ndiye niliyemfunga. Hilo ulijue vizuri, kwa sababu kwenye karatasi yako umemtwika mwingine.

Huyo mwingine tunamwita Kasuku. Ndiye mdogo kuliko sote kwa umbo na ndiye anayeongea kuliko sote kwa pamoja. Anaweza kukusimulia ugomvi wa majirani zake kuanzia saa mbili asubuhi mpaka mchana bila kukosea ubao hata mmoja, na mashine yote ile inavyonguruma, utamsikia. Jumanne ile alikuwa anasukuma mbao kwenye randa. Yale magurudumu yenye meno yanayovuta ubao yaliidaka ncha tupu ya glavu yake, pale ambapo kidole chako wewe kingekuwepo na chake hakifiki.

Glavu isiyofungwa ingemvuka, ikaenda peke yake, na Kasuku angebaki na hadithi ya kutusimulia wiki nzima. Yake haikuvuka. Mpira wa tyubu haukatiki kirahisi, niliuchagua kwa sababu hiyo.

Kitufe chekundu cha kuzima mashine kipo upande wa pili wa meza, mahali ambapo mkono wako ungefika bila hata kuinama. Mimi nilipanda juu ya meza kwa magoti ndipo nikakifikia. Siku hizi nikifumba macho napanda ile meza tena. Vidole viwili, Profesa, cha shahada na cha kati, mkono wa kulia.

Nimemlilia huyo mtoto wa watu nikiwa jikoni, nikiwa bafuni, nikiwa kwenye foleni. Nilikwenda kumwona wodini. Yeye ndiye aliyeanza kusema. Aliinua lile bunda la bandeji akasema, "Dada Kiongozi, kazi ipo. Sasa hizo glavu ndiyo zitanipwaya kabisa." Tulicheka mpaka muuguzi akatufokea. Kisha akageukia ukutani, na tangu hapo haongei sana.

Unasema nimwonee huruma mdogo wangu. Hebu nikukumbushe huruma. Ulikuwa na miaka minane, ukapewa viatu vyangu vya shule nilivyoviacha, vile vyembamba vya mkanda. Ulivaa siku moja. Siku ya pili ulikaa kizingitini ukalia mpaka majirani wakadhani kuna msiba. Mama hakukwambia utazoea. Alitandika gazeti sakafuni, akakusimamisha juu yake, akauzungushia mguu wako penseli, kisha akanituma mimi, peku, nilipeleke kwa fundi viatu. Ulikaa nyumbani siku mbili ukila na kulala mpaka viatu vya kipimo chako vikaja. Na kidole chako hakikukatika. Kilichubuka. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Najua pia utasema nini: kwamba wewe ndiye uliyeniombea kazi hapa. Ni kweli. Nimekushukuru kwa miaka sita, na shukrani hiyo ndiyo iliyonifanya nikae na karatasi yako siku mbili nzima chini ya mto. Usiku wa kwanza nilikaribia kusaini. Sikufichi. Nilishaifungua kalamu.

Ijumaa, mbele ya zamu nzima, nilimkabidhi msimamizi na wakaguzi waliokuja kuchunguza ajali maelezo yangu mwenyewe, kwa mwandiko wangu. Nimeandika kwamba mpira ulikuwa wazo langu, nikakata mimi, nikamfunga mimi. Nimeandika kwamba glavu zilichaguliwa na mdogo wangu wa tumbo moja, na kwamba aliambiwa. Ile barua yako ya "mtazoea" nilikuwa nayo, nikaiambatisha. Huenda tukafukuzwa sote wawili. Nitarudi nyumbani na mkasi wa mama, nitashona. Wewe sijui utafanya nini, mikono yako haijawahi kufanya kazi.

Nimekukasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu yeyote duniani, na kinachoniudhi zaidi ni kwamba nikiota, naota umepotea sokoni na mimi nakutafuta.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi thelathini na nne. Ni mikono. Kila mwanamke wa hapa ameweka kiganja mezani, nami nimekizungushia penseli ya seremala, ile nene, kama mama alivyofanya kwenye gazeti. Hivyo ndivyo vipimo ambavyo hukuja kuchukua. Wa kwanza juu ni wangu. Wa mwisho ni wa Kasuku. Bandeji walimfungua Alhamisi, na aliuweka mkono mwenyewe bila kuombwa. Penseli ilimaliza kuuzunguka haraka kuliko ya wengine wote. Nilikosa karatasi safi, kwa hiyo nimeuchora nyuma ya ile uliyonitumia nisaini.

Msalimie wifi yangu, mwambie sina ugomvi naye. Mwanao mwambie shangazi yake anamuwaza, na siku akianza kazi ya mikono, kitu chochote cha kumkinga asikipokee kwa sababu baba yake amekijaribu kikamfaa. Shangazi yetu msalimie, mwambie picha zake za maua ninazipata kila asubuhi. Mungu akulinde na akupunguzie maneno mazuri mdomoni.

Mama umsalimie mwisho, na kwa heshima zote, kisha umpe hizo karatasi mapajani. Macho hayaoni, lakini penseli nimeikandamiza makusudi, mistari imeingia ndani, na vidole vya fundi cherehani havisahau. Atapapasa mkono mmoja mmoja, polepole, akikisia ni wa mtu wa umbo gani. Usimharakishe. Akifika kwenye karatasi ya mwisho ataurudia mara mbili, akidhani amekosea yeye. Kisha atakuuliza wewe.

Ni mimi dada yako, akupendaye hata wiki hii, kwa shida,

Dada